Makosa kwenye kadi ya chanjo ya mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara nchini Uganda

Majibu haya ni ya mzazi au mlezi aliyefungua kadi ya chanjo akakuta jambo lisiloeleweka: jina la mtoto mwingine, tarehe isiyowezekana, kisanduku kitupu. Si lazima usome yote. Nenda kwenye swali lako, na pale majibu yanapoingiliana utaelekezwa. Uamuzi wa kumchanja mtoto au kumsubirisha unabaki kwa musawo, yaani mhudumu wa afya, aliye mbele yenu.

## Mambo ya msingi

Kumbukumbu ya chanjo ya mtoto iko wapi hasa? Ni hii kadi tu?

Iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kadi, au kile kitabu cha afya ya mama na mtoto, unayokaa nayo nyumbani. Ya pili ni rejesta ya watoto, lile daftari kubwa la kituo cha afya ambalo kila mtoto ana mstari wake: jina, jina la mama, kijiji, tarehe ya kila dozi. Kuna na karatasi ya tatu ambayo musawo huichora vijistari kila anapochanja, lakini hiyo ni ya kuhesabia tu, haina majina.

Ukilielewa hili utajiokolea nauli nyingi. Kinachopelekwa wilayani na wizarani kila mwezi ni hesabu, si majina. Kwa kawaida hakuna ofisi ya Kampala inayoweza kumtafuta mtoto wako kwenye kompyuta na kukwambia alichanjwa lini. Ukiondoa kadi yako, shahidi ni rejesta ya pale alipochanjiwa, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanakurudisha hapo hapo.

Nitajuaje kama ni kosa kweli au ni mimi sielewi kadi?

Ilinganishe na ratiba ya UNEPI, mpango wa taifa wa chanjo ulioanza 1983. Mtoto akizaliwa hupata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata tena matone ya polio, pamoja na sindano ambayo wengi wetu tunaiita DPT tu (ndani yake mna kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, kijidudu cha homa ya uti wa mgongo na nimonia) na PCV ya nimonia. Matone ya rota ya kuzuia kuharisha huanza wiki ya 6. Wiki ya 14 huongezwa polio ya sindano. Miezi 9 ni surua-rubella na homa ya manjano. Miezi 18 ni surua-rubella ya pili.

Tarehe iliyochelewa si kosa la kumbukumbu. Kama DPT ya pili ilitolewa wiki ya 15 kwa sababu mlikuwa kijijini, kadi inasema kweli, iache. Kosa ni pale kadi inaposema kitu kisichotokea, au inaponyamazia kilichotokea.

Kadi ya mwanangu haina kisanduku cha malaria wala homa ya manjano. Nimepewa kadi mbovu?

Hapana, umepewa kadi ya zamani. Ratiba imekuwa ikiongezeka: PCV iliingia 2013, polio ya sindano 2016, rota 2018, homa ya manjano na dozi ya pili ya surua-rubella Oktoba 2022. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Aprili 2025 katika wilaya 105 zenye maambukizi mengi, nayo hutolewa miezi 6, 7, 8 na 18. Kadi zilizochapishwa kabla haziwezi kuwa na nafasi hizo, kwa hiyo musawo huandika jina la chanjo na tarehe pembeni au chini. Hilo ni halali. Hakikisha tu jina la chanjo limeandikwa, kwa sababu tarehe iliyokaa peke yake pembeni ya kadi haimsaidii mtu baada ya mwaka mmoja.

Kurekebisha kunalipiwa?

Chanjo za ratiba ni bure kwenye vituo vya serikali, na kusahihisha maandishi si huduma ya kuuzwa. Kadi zikiwa zimeisha unaweza kuombwa uje na daftari la shule ili waandike humo. Kubali, kisha uliza kadi zitakuja lini.

## Jina, tarehe ya kuzaliwa na mapacha

Nani anaruhusiwa kusahihisha, na anasahihishaje?

Mhudumu wa afya, akiwa na rejesta mbele yake. Usahihishaji mzuri ni mstari mmoja juu ya kosa ili lililofutwa bado lisomeke, kisha lililo sahihi pembeni, sahihi ya aliyeandika, tarehe ya siku hiyo, na muhuri kama upo. Mwombe asahihishe na rejesta pia, la sivyo shahidi wako wa pili ataendelea kukupinga.

Usishike kalamu mwenyewe, hata kama una uhakika wa asilimia mia. Kadi iliyopakwa wino mweupe au iliyokwanguliwa kwa wembe hutiliwa shaka yote, mpaka zile tarehe ambazo hazikuwa na tatizo.

Kadi imeandikwa "mtoto wa Zainabu". Sasa ana jina. Nifanye nini?

Hili ni jambo la kila siku, kwa sababu mtoto hutoka wodini na BCG yake kabla familia haijakaa kumpa jina. Nenda na kadi pamoja na karatasi ya kuzaliwa uliyopewa hospitalini, jina liandikwe kamili kwenye kadi na kwenye rejesta. Wakati wa kulitafuta kwenye rejesta, taja jina la mama na kijiji mlichokuwa mkiishi wakati ule, maana ndivyo alivyoandikwa.

Kama umeshamsajili NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa vizazi, tumia jina lile lile, kwa mpangilio ule ule. Hasani kwenye cheti na Hassan kwenye kadi ni jambo dogo mpaka siku ya kuomba pasipoti. Kumbuka pia kwamba kusahihisha kadi hakusahihishi cheti cha kuzaliwa. Hicho ni kazi ya NIRA.

Tarehe ya kuzaliwa imekosewa. Ina umuhimu gani kama chanjo zote anazo?

Ina umuhimu kwa sababu umri wa kila dozi unahesabiwa kutoka hapo. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi akaandikwa 3 Mei ataonekana alichomwa DPT kabla ya kuzaliwa, na musawo makini atakataa kuihesabu. Kosa dogo la siku chache halibadilishi chanjo, lakini litakusumbua kwenye usajili.

Ushahidi bora ni karatasi ya wodi ya uzazi. Kama mtoto alizaliwa nyumbani, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na maneno ya VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chenu husaidia, hasa kama VHT aliwaandika kwenye daftari lake wakati huo.

Nina mapacha na kadi zimechanganywa. Nitajuaje nani alipata nini?

Kwanza usiogope. Kama Wasswa na Kato walichanjwa siku zile zile na wote wamemaliza, kilichochanganyika ni karatasi tu, na jina linaweza kusahihishwa. Tatizo la kweli ni pale mmoja aliporukwa, labda alikuwa amelazwa siku hiyo, na kadi ya mwenzake ndiyo iliyojazwa.

Hapo mkae na rejesta mstari kwa mstari. Uzito ulioandikwa siku ile husaidia sana, kwa kuwa mapacha ni nadra kulingana kilo. Msipopata jibu, dozi isiyo na uhakika ihesabiwe kuwa haikutolewa, na aliye na shaka achanjwe (tazama swali la kuchanjwa mara mbili hapo chini). Tangu leo funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila kadi.

## Dozi zilizokosekana na dozi za uongo

Alichomwa sindano, mimi mwenyewe nilikuwepo, lakini kisanduku ni kitupu.

Rudi kituoni na mambo mawili kichwani: mwezi na mahali hasa. "Mahali" maana yake si kituo tu. Kama mlichanjwa chini ya mwembe siku wauguzi walipokuja kijijini, au kanisani, au kwenye uwanja wa msikiti, sema hivyo, kwa kuwa majina ya siku hizo huenda yamo kwenye kurasa nyingine za rejesta. Likipatikana, musawo anajaza kadi kwa tarehe ya kweli, si tarehe ya leo, na kutia sahihi.

Lisipopatikana, maneno yako peke yake hayatoshi. Najua inauma kuambiwa hivyo ukiwa na kumbukumbu ya mtoto akilia. Lakini wazazi wengi hukumbuka sindano bila kujua ilikuwa ipi, na kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chanjo isiyo na maandishi ichukuliwe kuwa haijatolewa.

Kadi inaonyesha amechanjwa, lakini najua hakuchanjwa. Nikae kimya?

Hapana. Kati ya makosa yote hili ndilo baya zaidi, na ndilo linalonyamaziwa zaidi kwa sababu kadi inaonekana nzuri. Kisanduku kitupu humfanya musawo ashtuke. Kisanduku kilichojazwa bure humwacha mtoto bila kinga hakuna anayejua.

Hutokea hivi: foleni ni ndefu, musawo anajaza safu nzima ya wiki ya 14 kwa mkupuo, halafu inagundulika PCV imeisha kwenye friji. Mama anaambiwa arudi wiki ijayo, tarehe inabaki imeandikwa. Au tarehe ya kurudi inaandikwa ndani ya kisanduku cha dozi badala ya nafasi yake, na mtu wa pili anayeisoma anadhani dozi ilitolewa.

Namna ya kujikagua: DPT huchomwa paja la kushoto, PCV paja la kulia, na polio ya sindano ya wiki ya 14 nayo ni kulia, kando kidogo ya PCV. Kama unakumbuka vizuri kwamba siku ile mwanao alichomwa paja moja tu, na kadi inasema alipata zote tatu, una sababu ya kuuliza. Surua-rubella ni mkono wa kushoto juu.

Mwambie musawo kwa upole: "Sista, tarehe hii imeandikwa lakini siku hiyo dawa ilikuwa imeisha." Wengi watakushukuru. Na kila mara, kabla hujanyanyuka pale mezani, uliza: leo amepata zipi? Usome kisanduku kimoja kimoja huku anakujibu.

Dozi mbili zimeandikwa kwa kutofautiana wiki mbili tu. Ni sawa?

Kati ya dozi za DPT, PCV au polio lazima zipite angalau wiki 4. Zikiwa chini ya hapo, kwanza shuku kalamu: mara nyingi siku na mwezi zimebadilishana, 05/04 ikawa 04/05, au 7 imesomwa kama 1. Rejesta itaamua. Kama kweli ilitolewa mapema, dozi hiyo huenda isihesabiwe na mtoto akapangiwa nyingine.

Kinyume chake hakina shida. Nafasi ikiwa ndefu kupita kiasi, hata mwaka, mtoto anaendelea pale alipoishia. Hakuna kuanza upya, na ukiambiwa uanze upya omba kuonana na msimamizi wa kituo.

Alichanjwa surua akiwa na miezi 6. Mbona wanasema hana?

Kukiwa na mlipuko wa surua, watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaweza kupewa dozi ya mapema. Hiyo ni ya ziada. Bado anatakiwa kupata ya miezi 9 na ya miezi 18, na kadi ikionyesha hivyo haina kosa.

Chanjo za kampeni za nyumba kwa nyumba hazimo kwenye kadi. Zihamishiwe?

Si lazima. Kampeni kama ile ya surua-rubella ya Oktoba 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 15, au ya polio ya nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa 2022, huongeza kinga juu ya ratiba na hazichukui nafasi yake. Alama ya wino kwenye kidole ni ya kuwazuia wachanjaji wasirudie mtoto yule yule siku hizo. Mtoto aliyepata matone ya kampeni bado anadai dozi zake za kawaida.

Hana kovu la BCG. Kadi inadanganya?

Si lazima. Wapo watoto wanaochanjwa vizuri na kovu lisitokee, na kama kadi inasema BCG ilitolewa, mtoto harudiwi kwa sababu ya kukosa kovu. Lakini kovu likiwepo ni ushahidi mzuri hata kama kadi imepotea. Uganda huchomwa mkono wa kulia, juu karibu na bega. Angalia hapo kabla hujasema halipo.

Naogopa akichanjwa mara mbili atadhurika.

Kwa chanjo nyingi za ratiba, dozi moja ya ziada haina madhara makubwa. Tarajia homa kidogo au paja kuvimba na kuuma kwa siku chache. BCG ndiyo hairudiwi ovyo. Hatari ya kumwacha bila kinga ya surua ni kubwa kuliko usumbufu wa sindano moja aliyokwisha kuipata.

## Kadi imepotea, kliniki imefungwa, tumevuka mpaka

Kadi imepotea kabisa. Naanzia wapi?

Anzia kituo alichochanjiwa mara nyingi zaidi, nenda siku isiyo ya kliniki ya watoto ili mtu apate muda wa kufungua rejesta za nyuma, ambazo mara nyingi zimefungiwa stoo. Beba miezi ya kukadiria. Zikipatikana, unaandikiwa kadi mpya. Kama hazipo, anaanza kuchanjwa kulingana na umri wake, na zipo chanjo ambazo wakati wake utakuwa umepita: rota, kwa mfano, haina haja tena akishavuka miaka miwili.

Ukipata kadi mpya ipige picha pande zote mbili na umtumie baba yake au shangazi yake. Simu nayo hupotea.

Alichanjiwa kliniki ya binafsi ambayo imefungwa.

Kliniki nyingi za binafsi zinazochanja hupata chanjo za serikali kupitia wilaya, kwa hiyo kituo cha serikali cha jirani au ofisi ya afya ya wilaya huenda wanajua rejesta zilipelekwa wapi. Jaribu mara moja. Ukikosa, fuata jibu lililotangulia.

Tumetoka Kenya, au mtoto alichanjiwa Busia upande wa pili. Kadi inakubalika?

Kitabu cha mama na mtoto cha Kenya ni kumbukumbu halali, usikubali mtoto aanze upya. Tofauti mbili huonekana kama makosa na si makosa. Kenya huchoma BCG mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwa hiyo kovu litafute huko. Na homa ya manjano Kenya haitolewi nchi nzima, kwa hiyo mtoto wa Busia anaweza kuwa na miezi 12 bila kuwa nayo. Anapewa hapa.

Kadi ya mwanangu ni ya Kongo, na imeandikwa Kifaransa.

Wauguzi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II wamezizoea, wa kwingine huenda hawajazizoea. Wasaidie: VPO ni matone ya polio, VPI ni polio ya sindano, DTC ni ile ile DPT, VAR ni surua, VAA ni homa ya manjano. Omba tarehe zihamishiwe kwenye kadi ya Uganda, lakini ya zamani usiitupe. Angalia hasa VAR: ni surua, na si lazima iwe na rubella ndani yake, kwa hiyo asikuandikie surua-rubella kwa kukisia.

## Shule, safari na mambo ya pembeni

Shule imekataa kumpokea kwa sababu kadi ina kasoro. Inaruhusiwa?

Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka kadi ionyeshwe mtoto anapoingia kituo cha malezi, shule ya awali au ya msingi. Shule ina haki ya kuuliza. Nenda kituo cha afya uombe kadi isahihishwe, au barua fupi yenye muhuri inayosema kasoro ni ya maandishi, au kwamba mtoto ameanza kukamilisha chanjo na tarehe ya kurudi ni fulani. Usisubiri wiki ya kufungua shule, maana kila mtu huenda wiki hiyo.

Kadi yake ina homa ya manjano. Inatosha kupanda ndege?

Haitoshi. Safari inahitaji cheti cha kimataifa cha njano chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kinaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinahesabika kuwa cha maisha yote. Uganda yenyewe hukidai kwa wanaoingia walio na mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo mtoto anayerudi nyumbani naye anahusika.

Musawo amekataa kusahihisha, anasema nilipoteza mwenyewe.

Omba kuonana na inchaji wa kituo, kwa adabu na ukiwa na kadi mkononi. Kama haikusaidia, panda ofisi ya afya ya wilaya, au piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066. Taja kituo, tarehe na kosa lenyewe. Kulalamikia tabia ya mtu na kuomba kusahihishiwa kadi ni maombi mawili. Anza na kadi.

Kuna mtu anauza kadi zilizojazwa tayari. Si itanimalizia shida ya shule?

Kughushi hati ni jinai, lakini sababu kubwa zaidi ni ile ya dozi za uongo iliyoelezwa juu: umemnunulia mwanao kadi iliyojaa na mwili usio na kinga. Na sindano anayokosa ni ya bure.

Sitaki shule ione kurasa zote za kitabu.

Una haki ya kufikiria hivyo. Kitabu cha mama na mtoto kina taarifa za ujauzito, vipimo na dawa ambazo hazimhusu mwalimu. Toa fotokopi ya ukurasa wa chanjo na ule wenye jina la mtoto, uende na kitabu chenyewe mkononi ili walinganishe, kisha urudi nacho. Wakisisitiza kubaki na kitabu, kataa: wiki ya kliniki ikifika utakihitaji.